Mama Mkwe Amefumua Viraka vya Koti la Marehemu Mama, na Majaji Wako Njiani

Admin, ukiiposti hii naomba jina langu lisionekane, maana hapa mjini tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nimeolewa, nina watoto, naishi Kizwite, Sumbawanga. Sijafumania mtu wala sijafumaniwa, kwa hiyo wale mliozoea visa vya michepuko humu mnisamehe. Yangu ni koti tu.

Kikundi chetu cha akina mama kina chumba cha makumbusho kwenye ghala la zamani la ushirika. Tunaonyesha mavazi ya hapa Ufipa, hasa ya ile miaka ya ruksa, nguo zilipoanza kuingia tena baada ya kuadimika mpaka watu wakashona gauni za magunia. Mwaka huu tuliomba tuzo ya maonyesho bora ya mavazi ya makumbusho. Mimi ndiye niliyeandika maombi na kupiga picha. Wakati tunatuma tulicheka, tukijua hatutajibiwa. Tukajibiwa, na majaji wanakuja wenyewe kuona Jumanne.

Kilichotupitisha ni koti la marehemu mama yangu. Nikiwa darasa la tatu alikwenda Laela kuuza mahindi, akarudi na koti zito la kiume la kafa ulaya, ndivyo tulivyoita mitumba wakati ule. Huku kuna baridi, na mama alilivaa juu ya kitenge mpaka anakufa. Kila lilipochanika alilitia kiraka. Kiwiko kilikuwa suruali ya kaki ya baba, mgongoni ilikuwa sketi yangu ya shule. Kwenye maombi niliandika kwamba ukisoma viraka vile umeisoma nyumba yetu yote. Niliandika vizuri, sikatai.

Wiki iliyopita nilikwenda msibani Mtowisa. Ufunguo wa chumba nikamwachia mama mkwe ninayeishi naye, awe anafagia. Sina baya na mama huyu. Uzazi wangu wote ni yeye aliyenikanda na kunipikia uji. Narudi, namkuta amekaa mlangoni ananisubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone nilichokufanyia."

Koti lilikuwa limetundikwa sebuleni. Limefuliwa, limepigwa pasi, lina vifungo vipya. Viraka hamna. Alikuwa amevifumua vyote, kisha akampelekea fundi cherehani azibe matundu kwa kitambaa cheusi.

"Viraka viko wapi, mama?"

"Nimewashia moto, vilikuwa vimeshaoza." Akanishika mkono. "Wageni watoke Dar es Salaam kote huko waje kumtazama mwenzangu na viraka vyake? Marehemu husitiriwa, mwanangu. Na mimi nimemsitiri."

Nikasema asante mama. Nikaingia jikoni nikamenya viazi. Sikulia, na mpaka leo sijalia. Mume wangu ameniuliza kama nimemkasirikia mama yake, nikamwambia sijui, na ni kweli sijui. Nakula, nalala, naamka, nafagia. Mwili unafanya kazi zake wenyewe, mimi niko kando naungoja umalize.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alipoliona koti aliligeuza pande zote akitafuta viraka. Kesho yake akaja na suruali ya kaki na sketi kuukuu alizozitafuta mitumbani.

"Kata, shona palepale panapoonekana kwenye picha," akaniambia. "Nani atajua? Wenzako wanazitegemea fedha za tuzo hii, dada yangu. Bati la ghala linavuja, masika nyingine nguo zote zitaoza."

Masharti ya tuzo yanasema kitu kionyeshwe kilivyokuja, na kama kimeguswa mseme kimeguswa vipi na nani. Nikisema ukweli, tuzo hatupati, na mama mkwe atajua kuwa wema wake ndio uliotuangusha. Ana presha, na ni mtu wa kuweka jambo moyoni. Nikishona vipya, atanikuta namvika mwenzake viraka alivyomvua kwa mikono yake, tena vya watu nisiowajua.

Kuna kingine sijamwambia mtu. Juzi nikiwa nalikunja koti lile nilimkumbuka mama akienda kanisani. Tukikaribia mlango alikuwa analivua, hata upepo uwe unakata namna gani, analikunja viraka vikae ndani, analibeba mkononi. Misa nzima anatetemeka. Mimi nilikuwa nakaa ubavuni pake, nausikia mkono wake unavyotikisika. Wakati naandika yale maombi yangu mazuri nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Mama mkwe walionana naye mara chache sana, lakini naona alimwelewa kuliko mimi aliyenizaa. Nilidhani nikishalikumbuka hilo litaniuma. Nikakaa kitandani nangoja liniume, mpaka watoto wakaniita chakula kinapoa.

Sasa koti liko mezani, vipande vya kaki viko pembeni yake, sindano nimeshaitia uzi. Mama mkwe amechukua gauni lake jipya la kitenge kwa fundi. Leo asubuhi tukiwa tunachambua maharage ameniuliza, "Wageni wakija, mimi nisimame upande gani wa koti?" Nikajifanya sijasikia.

Wenye mama na wenye wakwe, naombeni mawazo yenu, matusi yawekeni kando. Nishone na ninyamaze, niwaambie majaji ukweli wote mbele yake, au niliondoe koti kabla ya Jumanne nilikunje kama mama alivyokuwa analikunja? Mama mkwe anasubiri jibu. Nimwambie asimame wapi?