Hodi Mpaka Vigwaza

Ulikuwa mwaka wa bada, ugali wa muhogo. Bada mchana, bada usiku, na kisamvu kisichoijua nazi. Wali tuliula kwenye hitima za watu. Nyumba ya wageni alikopika binti yangu hapa Bagamoyo ilikuwa imefungwa, naye keshapita miaka arobaini, chuo hajakichungulia hata dirishani, na wanawe wananitazama mimi.

Siku hiyo akaniambia, "Mama, nakuwa fundi wa kompyuta."

"Na mimi nakuwa rubani," nikamjibu.

Kumbe alikuwa anajifunza kwenye simu kila akitoka jikoni, na kompyuta ya mapokezi ikigoma, aliyeitwa ni yeye, mikono ina unga. Kampuni moja ya Dar ikampa mwezi wa majaribio, afanyie kazi nyumbani. Akifaulu, mshahara. Akishindwa, bada.

Mimi nilijua fundi hubeba bisibisi akaenda. Huyu wangu kaketi jikoni, karibu na mbuzi ya nazi iliyokosa kazi, kampigia simu mzee mmoja mwenye duka la dawa Vigwaza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Limashine limeniganda hili!"

"Hodi, baba."

"Karibu, karibu ndani!"

Mara kioo cha mwanangu kikawa kioo cha yule mzee. Kishale kikaanza kutembea, kikifungua hiki, kikifunga kile. Kule mzee anapiga kelele, "Lahaula! Kinakwenda chenyewe!" Huku mimi, Subhanallah, nimeinama nachungulia chini ya meza. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, kiwiliwili kiko Bagamoyo, mkono uko Vigwaza! Maji ya bada yakachemka mpaka yakakauka, nimeduwaa.

Ijumaa ya mwisho ya majaribio bosi akapiga simu, sauti nje nje, hata mimi naisikia. "Dada, mashine ya yule mzee imegoma tena. Namba ya siri unayo, ingia."

"Kaenda msikitini, bosi. Simu kaizima."

"Si ndiyo vizuri? Ingia, maliza."

"Siingii kwa mtu bila hodi."

"Hodi kwenye kompyuta? Dada, kesho naamua habari yako!"

Nikamfinya paja. "Ingia, we! Tutakula nini?"

Akaifunika simu kwa kiganja. "Mama, nani alinichapa fimbo ya mkwaju kwa kuingia kwa jirani kimya kimya?"

Nikaliachia paja.

Mzee alipotoka kuswali akapigiwa hodi, akakaribisha, mashine ikapona. Baadaye nikaja kusikia kampigia bosi mwenyewe: "Siku nyingine nipeni yuleyule wa hodi."

Kesho yake simu ikalia. Nimeshika mwiko, roho juu.

"Dada, kazi umepata," bosi akasema. "Ila hizo hodi zako zinatupotezea muda. Ziache."

Nikamkonyeza: kubali, mwanangu, kubali! Hata hakunitazama.

"Siingii kwa mtu bila hodi."