Kila Sauti Mahali Pake

Nakumbuka siku moja ya Kwaresima, mwanangu, niliyokemewa na mwanamke ambaye hakuweza hata kuinua kikombe chake. Tangu siku ile sijapata kuketi mbele ya mashine bila kumkumbuka. Nawe unayejisifu kwamba kompyuta yako ina nguvu kuliko zote darasani, vuta kiti unisikilize. Nguvu ni nzuri, sikatai, lakini mtaka yote hukosa yote.

Mwanamke huyo alikuwa dada mkubwa wa mama yangu, Védastine. Sisi tulimwita Mama Mukubwa. Alikuwa mwalimu wa shule mpaka alipostaafu, na kwaya ya parokia yetu hapa Lubumbashi aliianzisha yeye. Waliimba humo wajukuu wa wachimbaji waliotoka upande wa Pweto na Kilwa ya huku mkoani kwetu, pamoja na watu ambao wazazi wao walitoka Kasai, ubavu kwa ubavu. Katika mji wetu wa miaka ile jambo hilo halikuwa dogo. Watu walikuwa wameambiana maneno mabaya, na walikuwapo majirani walioacha kusalimiana. Kwaya ilishikamana kwa ukali wa mtu mmoja. Kisha mtu huyo akalala kitandani, na madaktari wakamrudisha nyumbani.

Kwaya ilikuwa na desturi aliyoiweka yeye tangu mwanzo. Anayeiongoza ndiye anayemchagua wa kumrithi, wala hawajaribu watu mmoja mmoja. Husimama mbele, akafumba macho, kwaya nzima ikaimba, naye akanyoosha kidole. Mama Mukubwa alisema mtu akiimba peke yake hujipamba. Tabia yake utaisikia akiwa katikati ya wenzake. Sasa angesimamaje? Upande mmoja ulimtaka Crispin, mwenye sauti ya tenori, upande wa pili ulimtaka Alphonsine, na fahali wawili hawakai zizi moja. Tulijua kwamba akiondoka bila kunyoosha kidole kwaya itakatika vipande viwili, na tulijua itakatikia wapi: wenyeji huku, wa Kasai kule.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mambo ya umeme na sauti. Ukumbi wa mazoezi ulipakana na ua wake, basi nikaahidi kwamba nitampelekea kwaya kitandani. Niliazima mikrofoni za kutosha waimbaji wote, nikapitisha nyaya juu ya ukuta mpaka kwenye kompyuta kuukuu niliyoiweka sakafuni, miguuni pa kitanda chake, na kutoka hapo hadi kwenye kaske, vile visikizio vya kuvaa masikioni. Waya mwingine, kutoka mikrofoni ya kando ya kitanda, ulirudisha sauti yake kwenye spika ya ukumbini.

Lakini kaske ikiachwa hivi hivi, mwanangu, huwalundika watu wote katikati ya kichwa. Mungu hakutuumba hivyo. Mtu akiimba kuliani kwako, sikio la kulia huipata sauti kwanza; la kushoto huipata kwa kuchelewa kidogo mno, tena imefifia, kwa sababu kichwa kimeizuia. Mikunjo ya sikio nayo huibadilisha kwa namna yake. Ubongo hupima tofauti hizo, ukakuambia, yuko kule. Mashine inaweza kuziiga kwa hesabu, nami nilizitaka hesabu zote. Kila mwimbaji nilimpa njia yake hadi kila sikio, na juu yake nikaongeza mwangwi wa kanisa letu, ule mrefu unaozunguka darini hata baada ya Amina. Nilijivunia mwangwi ule kama mtoto mwenye viatu vipya.

Mazoezi yakaanza. Mama Mukubwa alisikiliza, akagonga ubao wa kitanda kwa kijiko ili awape mwendo. Kule ukumbini wakavurugika. Mashine ilikuwa imelemewa. Sauti ilimfikia imechelewa, na kijiko chake kikawafikia wao wameshapita. Wimbo ukakatika. Lawama zikaanza kusikika, upande huu ukisema ni wale, upande ule ukisema ni hawa. Mama Mukubwa akavua kaske.

"Odile, mwana yangu, uliniletea nini huku?"

"Kwaya, Mama. Na kanisa nzima, écho yote iko ndani."

"Njo ile. Uliniletea kanisa. Miye kanisa naijua, naliimba mule weye hauyazaliwa. Miye naliomba bantu. Bantu beko wapi?"

Alitaka watu, si jengo. Nikaanza kumweleza udogo wa mashine. Hakuningoja nimalize.

"Hapana kulaumu mashine, ni weye unaibebesha. Sikio yangu haiombe byote. Inaomba paka kujua nani iko fasi gani. Bingine utupe. Na ufanye mbio, juu wakati yangu inaisha."

Alitaka tu kujua nani yuko mahali gani, mengine niyatupe. Nilitoka nikalia uani. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa hofu, maana maneno yale ya mwisho, kwamba wakati wake unaisha, hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amethubutu kuyatamka. Halafu nikarudi ndani, nikaanza kutupa.

Mwangwi niliuondoa karibu wote, nikaacha ule kidogo wa mwanzo, ili waimbaji wasisikike kana kwamba wamefungiwa ndani ya fuvu. Kisha nikajiuliza: waimbaji ni wengi, lakini kuna haja ya kila mmoja kuwa na hesabu yake? Nikachagua sehemu chache tu kuzunguka kichwa chake, mfano wa viti visivyohama. Kila mwimbaji nikamgawa baina ya viti viwili vilivyo karibu naye, zaidi huku, kidogo kule, kazi ambayo mashine huifanya bila jasho. Hesabu nzito za masikio nikazifanya kwa viti, si kwa watu. Hizo nazo nikazikata mkia, nikabakiza ule mwanzo ambao sikio huutegemea kujua upande. Ilikuwa sawa na kuketi ukumbini? Haikuwa. Lakini mashine ilipumua, na sauti ikafika kwa wakati.

Jumapili ya Matawi, baada ya misa, kwaya ikakusanyika. Mama Mukubwa akavaa kaske. Kijiko kikagonga, nao wakakifuata. Nilimwona usoni akitafuta, kisha akapata.

"Ba alto beko huku," akasema, akielekeza kushoto. "Na Crispin ule. Anasukuma sana, ule mutoto." Akatabasamu, akafumba macho.

Waliimba wimbo mrefu wa Komunyo. Ulipokuwa katikati, kidole kikainuka juu ya shuka. Hakikwenda kwa Crispin wala kwa Alphonsine. Kilikwenda kulia kabisa, pembeni, na mimi niliyewapanga nilijua nani alisimama pale. Alikuwa Marthe, mke wa fundi cherehani, ambaye hakuna upande uliowahi kumtaja.

"Ule," akasema. "Mwenzake alianza kuanguka. Yeye akashusha yake, akamushika, mpaka mwenzake akapanda tena. Bantu habakusikia kitu. Njo ule."

Na yule mwenzake, mwanangu, hakuwa mtu wa kwao Marthe. Alikuwa mtu wa upande wa pili.

Mama Mukubwa akalitaja jina kwenye mikrofoni. Kisha Crispin akajibu, "Tumesikia, Mama." Alphonsine naye akasema vivyo hivyo. Wiki ya Pasaka tulimzika, Marthe akaanzisha wimbo, na hakuna aliyebaki nyumbani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla ya kuongeza chochote kwenye kazi yako, mwendee atakayeitumia, umuulize anatafuta nini. Ukishajua, linda hicho kwa nguvu zako zote, na mengine uyatupe bila majuto, hata yale uliyoyapenda. Usiseme mashine haitoshi kabla hujajikagua wewe unayeipakia. Na unapokuwa katikati ya wenzako, jirani akianza kuanguka, shusha sauti yako umshike, awe wa kwenu au asiwe wa kwenu.

Mungu akuzibue masikio, aibariki mikono yako, akupe wa kukukemea mapema. Na siku utakapolala usiweze kuinuka, asikose mtu wa kukuletea watu wako.