Ukoko wa Kuku Wangu

Mimi nina kiburi, tena cha kurithi. Nilizaliwa Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, Madagaska. Baba alikuwa msimamizi katika kiwanda cha sukari, na miaka ile ya mwisho ya sabini nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ikipeleka sahani kwa majirani kila Ijumaa. Mama alinifunza kubeba sahani iliyofunikwa kawa bila kumwaga mchuzi. Kupokea hakunifunza.

Nikaolewa na mfanyakazi wa kiwanda kile kile, na kiwanda kikafungwa. Mume wangu akaenda kutafuta kazi kwingine, habari zake zikakatika. Nikahamia Mahajanga na wanangu, tukapanga chumba nyuma ya soko. Jirani akanambia kuna nyumba ya jumuiya karibu na msikiti, wanawake wanajitolea kupika wali mchana, na asiye na kitu anakwenda kula.

Nikaenda, bakuli nimelificha chini ya shiromani, nguo niliyojitanda. Nilipofika mlangoni nikaona watu wamepanga foleni, nikasimama kando. Mpishi mkuu, mama mtu mzima tuliyemwita Koko, kwa maana sisi Wakomoro ndivyo tunavyomwita bibi, akaniuliza kwa Kimalagasi nataka nini. Ulimi ukanitangulia.

"Nimekuja kusaidia."

Akanitazama kidogo, akanipa upawa.

Basi nikawa mtu wa kujitolea, mimi! Nikawapakulia watu huku tumbo langu linanguruma. Wenzangu hawakuwa wakila pale, kila mmoja alikuwa na chungu chake nyumbani. Nami nilikuwa na chungu, ila ndani mna maji matupu. Ilipofika saa ya kuosha masufuria nikayavamia, na nilipoukuta ukoko umeshika chini nikauliza kama naweza kwenda nao, nina kuku nyumbani.

"Kuku!" akasema mmoja. "Kuku gani hao wa kula ranovola yetu?"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kwetu ukoko hautupwi. Unamwagiwa maji, unachemshwa sufuriani, na maji yale yenye harufu ya moshi ndiyo ranovola, kinywaji cha kuteremshia wali. Lakini Koko akasema, "Mwacheni achukue, maji hayo yananitia kiungulia." Jioni ile wanangu walikula ukoko mpaka wakalala vinywa wazi.

Ikawa desturi. Na ukoko ukazidi unene siku hadi siku, nami nikamshukuru Mungu kimyakimya. Wenzangu ndio walionuna. Wali wa Koko ulikuwa na jina mjini, watu wenye harusi walimfuata kwa sifa ya wali huo tu, na sasa kila mchana unanuka kuungua.

"Koko, macho yamechoka, moto huuoni tena," wakamtania. "Tukutafutie miwani au tukutafutie mume?"

Koko akasema uzee huo, mtafika tu. Tukacheka wote, na mimi nilicheka kwa sauti.

Kisha mwenzetu mmoja akajifungua, akatafutiwa supu ya kuku. Wote wakanigeukia. "Dada, wewe si una kuku? Tupe mmoja tu."

Nikasema mdondo umepita, wamekufa wote.

"Wote? Hata jogoo?"

"Hata jogoo."

Wakanipa pole kama watu wanaoniombolezea ndugu. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Na ubaya wenyewe ni kwamba, kuku wakishakufa, ukoko nauombea nini? Siku ile ukamwagiwa maji, tukanywa ranovola, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Wanangu walilala na njaa, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Neno moja tu lingewapatia chakula, na sikulisema. Niliona afadhali walale hivyo kuliko mimi kusimama kwenye ile foleni. Mungu wangu! Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka.

Ijumaa baada ya sala nikasikia hodi uani. Walikuwa wenzangu, Koko nyuma yao, kila mmoja na kuku kamfunga miguu. Wamechangishana wanifidie wangu waliokufa! Wakawaweka chini, wakaanza kutafuta kwa macho banda liko wapi. Banda halikuwapo, wala unyoya.

Binti yangu mdogo akachuchumaa akawatazama wale kuku, kisha akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, na hawa watakula ukoko? Sasa sisi tutakula nini?"

Nikaziba uso kwa shiromani.

Koko akasogea mbele. Hakunisemesha mimi, aliwasemesha wao. "Haya, mmesikia kwa masikio yenu. Basi kesho naweza kupika wali wangu bila kuuunguza."

Ndipo wakaelewa, na mimi nikaelewa: moto aliuona siku zote. Wakainamisha vichwa.

Kesho yake nilikwenda na bakuli langu mkononi, nikasimama kwenye foleni. Koko akanipakulia wali mweupe, punje moja moja, na mwingine wa watoto. Nilikula palepale mbele ya wote, kisha nikaenda kuosha masufuria kama kawaida. Chini hakukuwa na ukoko wa kukwangua. Nilitaka kumwomba radhi kwa kile kicheko changu cha siku ya miwani, lakini kila nilipofungua kinywa aliniambia nisugue.