Nota Nilizowasahaulisha

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na swali alilopenda kumwuliza baba tukiwa tunakula. "Siku yangu mtanipigia, au mtanifukia kimya kimya kama kuku aliyekufa kwa kideri?"

"Tarumbeta kumi na mbili, mama," baba alikuwa anajibu. "Wimbo wako, beti zote nne."

Bibi anarudi kwenye ugali wake wa uwele, ameridhika. Baada ya siku mbili anauliza tena.

Kwetu Misigiri, muumini wa kanisa letu akifariki, kikundi cha tarumbeta humsindikiza kutoka nyumbani hadi kaburini. Vyombo vyote vya kupuliza tunaviita tarumbeta, hata tromboni, hata lile tuba kubwa linalomfunika mtu kifua. Babu yangu, mume wake bibi, alikuwa mmoja wa waliofundishwa na wamisionari, naye akamfundisha baba. Baba akishatoka shambani kwenye alizeti, alikuwa anakaa na watoto kwenye baraza la kanisa na kuwapulizisha sauti moja mpaka pumzi ziishe. Sauti moja tu. Mtoto angeweza kukaa mwezi mzima hajapewa wimbo.

Mimi mwenyewe nilipita pale barazani. Kisha nikaenda chuo kikuu kusomea muziki, na huko nikajifunza kuuliza kwa nini. Nilirudi na swali hilo kama mtu aliyenunua panga jipya, kila kichaka anakiona kinafaa kufyekwa. Kwa nini mwezi mzima sauti moja? Kwa nini nyimbo zilezile? Ajira ilikuwa haijapatikana, basi nikawa najitolea kufundisha sekondari ya pale kijijini, na kati ya wanafunzi nikawakuta saba wa baba. Wanne wa tarumbeta zenyewe, wawili wa tromboni, mmoja wa tuba. Kanisa likakubali wavitumie vyombo shuleni. Kwaya ikatuazima kinanda, gitaa la besi na ngoma.

Mwaka ule ilitangazwa siku ya muziki wa shule, ingefanyika katika ukumbi mmoja Utemini, pale Singida mjini. Mwalimu wangu wa chuo alialikwa. Nilijua shule nyingine zingeleta kwaya na ngoma za asili. Mimi nilitaka kuleta jazi ya bendi kubwa.

Kwenye kompyuta nilikuwa na mipangilio mitatu ya jazi, kila chombo kimeandikiwa sehemu yake, yote nimeipata chuoni. Wa kwanza ulikuwa wa polepole, umeandikwa kwa ajili ya wanaoanza, na tarumbeta hazipandi juu sana. Wa pili nao wa polepole, lakini unategemea saksofoni, na sisi hatukuwa na saksofoni hata moja. Wa tatu ulikuwa wa haraka, wenye kurukaruka, tarumbeta ya kwanza inapanda mpaka mpulizaji anatokwa na mishipa ya shingo. Siku moja mchana nilimsikilizisha baba kwa simu, yeye akipukuchua mahindi, bibi akiwa pembeni kwenye mkeka.

"Jazi?" Baba alicheka. "Ile ya redioni, ya watu wenye suruali pana?"

"Si ile, baba. Hii ni ya Marekani."

"Hata Marekani si wanazikana? Watafutie ya kuzikia."

Bibi akadakia, "Mwache mtoto, asije akanizoeza kuzikwa kabla sijafa."

Lakini ule wa kwanza ulipoanza, baba aliacha kupukuchua. Akausikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika gunzi. "Chukua huu," alisema. "Watoto hawa ni wa maziko. Wanajua kushika pumzi ndefu. Ukiwakimbiza watakuangukia."

Nikachagua ule wa haraka. Nimejaribu mara nyingi kujipatia sababu nzuri, kwamba wanafunzi wanakua kwa kupewa kinachowazidi, kwamba mazoea ya maziko ni pingu. Yawezekana. Ila sababu niliyokuwa nayo siku ile, nikichapisha kurasa zile kwenye duka la steshenari, ni kwamba ule wa polepole ulikuwa umeandikwa juu yake "wanaoanza", na sikutaka mwalimu wangu alione neno hilo.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa balaa. Kinanda na tromboni vilikuwa pamoja, lakini tarumbeta nne zilikuwa zinapiga wimbo uleule mahali pengine, juu kidogo, kama watu wanaotembea kando ya barabara ndani ya mtaro. Nilifikiri vyombo havijalinganishwa. Tukalinganisha. Mambo yakawa yaleyale. Ndipo nilipomwambia binti wa kidato cha tatu aliyekuwa tarumbeta ya kwanza anioneshe vidole vyake, nikaelewa.

Ukipuliza tarumbeta bila kubonyeza kitufe, sauti inayotoka ni ile ambayo kwenye kinanda iko hatua moja nzima chini ya C. Wamisionari walimfundisha babu kuiita kwa jina lake la kinanda, na vitabu vya nyimbo vya kanisa vimeandikwa hivyo. Waandishi wa jazi, na karibu kila mtu mwingine, sauti hiyohiyo huiandika C. Watoto wa baba walikuwa wanasoma kurasa zangu kwa macho ya kanisa, kwa hiyo kila nota waliipiga hatua moja juu. Hawakukosea hata moja. Walikuwa wanasoma vizuri sana.

Hayo nayasema leo. Siku ile baba alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, amekuja kuwasikia, na mimi nikasema mbele yao wote, "Baba, hawa uliwafundisha vibaya tangu mwanzo."

Baba alisimama, akauliza kwa upole, "Huwezi kuziandika hizo kurasa upya, ziwe kama zetu?"

Ningeweza. Ilikuwa kazi ya jioni mbili na penseli. Nikamjibu kwamba hakuna sababu ya watoto kubaki nyuma ya dunia.

"Watachanganyikiwa. Na kanisani wasomeje?"

"Nyumbani si wanaongea Kinyiramba na shuleni Kiswahili? Mbona hawachanganyikiwi?"

Ilikuwa hoja nzuri, na niliipenda. Akavaa kofia yake, akaniambia, "Haya, mwalimu," akaondoka. Hakurudi tena kwenye mazoezi. Nilichora chati ya vidole kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani, nikawaambia wasahau ya zamani kabisa. Aliyekosea alizunguka darasa akiitaja nota kwa sauti mpaka afike pale alipoanzia. Walicheka, wakataniana, wakazunguka. Binti yule alizunguka zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amefundishwa muda mrefu zaidi.

Walisahau.

Utemini tulipiga. Sitasema tuliharibu. Tulikimbia wimbo ule kama watu waliokutwa na mvua njiani, kila mmoja akitafuta pa kujikinga, na katikati yule wa tuba alipotea kabisa akaja kutukuta mwishoni. Watu walipiga makofi kwa sababu walikuwa hawajawahi kuona mtoto na tuba. Mwalimu wangu alinivuta pembeni akasema, "Vipande vile vichache vya polepole, sauti zao nzuri mno. Nani amewafundisha kushika pumzi namna ile?"

Nikasema, "Tumefundishana."

Bibi alifariki siku chache baada ya hapo, asubuhi, akiwa ameomba uji na hakuunywa. Baba hakulia mbele yetu. Alichukua kitambaa akaanza kusugua tarumbeta yake, na kabla ya saa nne alikuwa ameshawatumia ujumbe wapulizaji wake wote. Wazee watano, yeye akiwemo. Na wale wanafunzi saba. Kumi na wawili. Wanafunzi walikuja na mashati meupe ya shule. Mmoja wa tromboni ni mtoto wa Kiislamu, alikuja na baba yake na kofia yake, akasimama na wenzake kwenye mstari.

Wimbo wa bibi haukuwa katika zile zinazopigwa kila juma. Hakuna aliyeukariri, ilibidi kila mtu asome kwenye kitabu. Baba aliinua mkono kando ya kaburi, akahesabu kwa kichwa, wakaanza.

Nilijua kwenye pigo la kwanza. Nadhani nilijua hata kabla, walipovuta pumzi. Tarumbeta za wazee zilikuwa pale kitabu kinaposema, na zile nne za wanafunzi, wanaokisoma sasa kwa chati yangu, zilikuwa hatua moja chini, zinasaga. Baba akasimamisha. Akatabasamu kidogo kwa waombolezaji, kama mtu aliyejikwaa, akainua mkono tena. Ikawa vilevile. Nyuma yangu shangazi alinong'ona, "Jamani, mbona wanagombana?" na kijana mmoja akacheka akijifanya anakohoa.

Nikajipenyeza mpaka kwa yule binti. "Soma ya zamani," nilimwambia. "Ile ya mzee."

Aliniangalia, kidole kikiwa kwenye nota ya kwanza. "Mwalimu, ya zamani ndiyo ipi? Hii ni moja na tatu, au ni tupu?" Alikuwa ananiuliza vidole, pale kaburini, na mimi nikaanza kumjibu nota moja moja kana kwamba tungeweza kumaliza beti nne kwa namna hiyo.

Baba alishusha tarumbeta akaiweka kwapani. Akina mama hawakungoja. Mmoja alianzisha wimbo kwa mdomo, wengine wakaudaka, na bibi akafukiwa hivyo, kwa sauti za watu na majembe. Waliimba vizuri. Watu wengi waliniambia baadaye kwamba ilipendeza. Labda walisema kweli. Lakini si alichoahidiwa.

Sitaki kudanganya kwamba baba alibadilika tangu siku ile. Aliendelea kulima, kula, kutania majirani. Juma moja baada ya maziko alinikuta nimekaa nje akavuta kigoda.

"Nifundishe hiyo yenu," alisema. "Pale mwanzo wa wimbo wa mama, wao walisoma nini?"

Nikamweleza hatua kwa hatua, nikichora chini kwa kijiti. Alifuatilia kama mwanafunzi, akarudia, akauliza swali zuri kuhusu tromboni, kwa nini zenyewe hazihami. Nikashindwa kuvumilia. "Baba, usijifunze. Nitaandika mimi kurasa zote kama zenu. Wakati mwingine haitatokea."

"Wakati mwingine wa nani?" aliuliza. "Mama nilikuwa naye mmoja."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kuangalia nilichochora.

Nilikaa jioni mbili, kama nilivyojua tangu mwanzo kwamba zingetosha, nikauhamisha ule mpangilio wa polepole aliouchagua baba kwa mkono, kila tarumbeta imeandikwa kwa macho ya kanisa, sauti zake chache za saksofoni nimezigawa kwa kinanda na tromboni. Ilikuwa kazi rahisi mpaka nikaona aibu. Nikampelekea baba ghalani. Alisoma kurasa zote kwa kunong'ona, akitikisa vidole vitatu hewani, akanisahihisha nota moja ya tromboni ya pili, na kweli nilikuwa nimekosea.

"Mzuri huu," alisema. "Tarumbeta ya kwanza apige nani?"

Nilimtaja yule binti.

"Alikuja juzi ukiwa shuleni," baba alisema. "Ameirudisha tarumbeta. Alikuwa ameifunga kwenye kitenge cha mama yake, ameisugua vizuri kabisa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Mzee, nikiiona nota sasa naogopa.'"

Akakunja kurasa zangu mara mbili, akanirudishia, akaendelea kufunga magunia ya alizeti. Nikamshikia mdomo wa gunia ili ashone.