Nambari Nilizozikalisha Jikoni kwa Mama

Wakati wa vita nilifanya kazi ya kusoma nambari za mabehewa katika stesheni ya Changamwe. Karani wetu alikuwa na daftari moja, na wote wawili, yeye na daftari lake, hawakupenda jua. Basi mimi ndiye niliyetembea kando ya reli, nikasoma ubavu wa kila behewa na kurudi ofisini na nambari kichwani. Kama ningekosea, mzigo ungepelekwa siko, na matusi yote yangekuwa yangu.

Mwenzangu mmoja aliziimba nambari zake kama nyimbo za kanisani. Mimi sauti sina. Zangu nilizikalisha jikoni kwa mama, kwetu Taita. Kule kila mtu alikuwa na mahali pake kuzunguka mafiga, na hakuna aliyethubutu kukalia pa mwenziwe. Bibi, aliyekaa karibu na mlango, nikamfanya moja. Mama mbili, baba tatu, na ndugu zangu wakafuatana mpaka tisa. Sifuri ilikuwa mahali pangu, maana mwenyewe sikuwapo. Behewa likiandikwa nne, mbili, sifuri, saba, kaka mkubwa alimpa mama ugali, mama akaupitisha juu ya pengo langu, ukamfikia dada yangu mtundu. Sikukosea tena.

"Wallahi una kichwa wewe," karani aliniambia. "Nani alokufunza?"

"Watu wa kwetu."

Akacheka, akidhani namtania.

Sikumwambia kwamba mchana kutwa nilikuwa nao, na jioni nikirudi chumbani kwangu Chaani walitoweka wote. Nilikula nikiutazama ukuta. Upweke ule ulinichoma. Siku nyingine nilijitungia nambari za uongo, ili mradi niwaone tu.

Hatimaye nilipewa likizo. Nilishuka treni Voi, nikaupanda mlima, nikafika chakula kikipakuliwa. Sikubisha hodi. Niliinama, nikaingia jikoni, nikaelekea pangu. Palikuwa pamekaliwa na mke wa kaka yangu, ambaye sikuwa nimepata kumwona, na mtoto mapajani. Alitaka kuinuka kwa heshima, lakini mama akamzuia.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. Kisha akanigeukia, uso umejaa furaha ya kweli. "Wewe utakaaje moshini na nguo hizo za Mombasa? Nenda nyumba kubwa, baba, tutakuwekea kiti."

Niliwekewa kiti na meza. Nikaletewa maji ya kunawa, kuku, na sahani yangu peke yangu. Kutoka jikoni niliwasikia wakicheka na kugombania ukoko. Baadaye mama alikuja akasimama mlangoni.

"Chakula kimekutosha, mgeni wetu?"

Nikamjibu kwamba kimenitosha, ahsante. Nilikuwa bado sijakigusa.