Bi Mwiko na Supu ya Jumapili

Mpishi wa nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya ziwa aliitwa Bi Mwiko, na jina hilo lilimganda hata mama yake mzazi akalizoea. Alikuwa amepika katika jiko lile miaka ishirini na miwili. Lilikuwa jiko refu lenye madirisha mawili, moja likitazama maji, jingine likitazama mlima uliopandwa mizabibu, na sakafu ya saruji ilikuwa imelika mbele ya sinki pale alipozoea kusimama. Wageni walimsifu kwa samaki. Wenzake walimwogopa kidogo, maana hakuwa na simile na hakupenda mtu aguse visu vyake.

Msimu wa mvua uliopita aliugua homa ya mafua, akalala wiki tatu. Siku aliyorudi kazini alikaanga vitunguu, akasimama juu ya kikaango akisubiri. Vitunguu vikageuka rangi, vikaungua, na yeye hajasikia harufu yoyote. Alidhani ni mafua yaliyobaki. Miezi sita ikapita, harufu haikurudi. Chumvi aliisikia ulimini, na uchachu, na pilipili ilimwasha kama kawaida. Vingine vyote vilikuwa kama kutafuna karatasi.

Alimwambia mtu mmoja tu, mdogo wake wa kike, aliyekuwa mhudumu wa meza palepale. Nyumbani walikuwa na mama yao aliyepooza, na hakuna aliyehitaji kuelezwa ingekuwaje meneja akijua kwamba mpishi wake hana pua. Wakapanga. Kila asubuhi mdogo mtu angepita jikoni kama anayetafuta vitambaa, ainamie maziwa, samaki na mafuta, kisha aseme "sawa" au "tupa". Mengine Bi Mwiko alipika kwa kumbukumbu. Wageni waliendelea kumsifu, na sifa zile zilimuuma kuliko kukemewa.

Kila kiangazi ilikuwapo wikendi ndefu ya mapumziko, siku tatu za watu wa mjini kuja ziwani kula samaki na kuonja mvinyo wa wakulima wa mlimani. Mwaka huo alirudi Mzee Pipa, mmoja wa wakulima hao. Alikuwa mwembamba kama ufito. Hilo Pipa lilikuwa utani wa vijana wenzake, nao walishakufa karibu wote. Mizabibu yake ilikuwa imeshikwa na ukungu, miaka minne hakutoa hata chupa moja. Sasa alileta kreti kumi na mbili, amezifunika blanketi kama watoto wachanga.

"Shikamoo mzee. Umenenepa," Bi Mwiko alimtania.

"Marahaba mwanangu. Nimenenepa masikio tu."

Hakuwahi kula na wageni. Alikuwa na meno ya bandia yaliyomsumbua, akiyavua kila alipotaka kula, na aibu hiyo aliivumilia mbele ya Bi Mwiko peke yake. Alikaa juu ya kreti karibu na mlango wa jikoni, bakuli magotini, meno mfukoni.

Jumamosi ilikuwa kazi ya kufa na kupona. Alasiri Bi Mwiko aliepua sufuria kubwa ya supu ya vichwa vya samaki, akataka kuitia kwenye jokofu kwa ajili ya kesho yake. Akakuta meneja ameshalijaza chupa za mvinyo mweupe toka juu hadi chini.

"Mvinyo ukiwa vuguvugu wageni watanicheka," meneja alisema. "Supu iweke stoo. Itakufa kwa usiku mmoja?"

Stoo ilikuwa na bati juu na haikuwa na dirisha. Bi Mwiko alijua. Akaiweka.

Jioni ile, walipokuwa wakifuta meza, mdogo wake alilipuka. Alikuwa ametembea toka alfajiri na miguu ilikuwa imemvimba. "Dada, mimi nimechoka kuwa pua yako. Siku nikiumwa, je? Mwambie meneja akupe kazi nyingine."

"Kazi gani? Kupanga viti?"

"Hata viti. Watu wanaweka roho zao mikononi mwako nawe unabahatisha."

"Basi usije. Nilipika kabla hujajua kushika kijiko."

Jumapili asubuhi mdogo wake hakupita jikoni. Bi Mwiko alimwona dirishani akipanga glasi kando ya maji. Sauti moja tu ingetosha. Hakuita. Aliitoa sufuria stoo, akaona vipovu vidogo pembeni, akajiambia ni kwa sababu imetikisika. Akaichemsha sana, akakamulia malimau, akatia pilipili na majani, akaonja. Chumvi ilikuwepo, uchachu ulikuwepo. Malimau hayo, alijisemea.

Saa sita wageni walikaa chini ya turubai, wameshavaa miwani kwa mvinyo wa asubuhi, wakanywa supu wakipiga makofi. Mzee Pipa alikaa kwenye kreti yake. Alileta bakuli karibu na uso, akatulia. Kisha akamtazama Bi Mwiko.

"Leo imekuwaje hii, mwanangu?"

"Ni limau tu, mzee. Nimezidisha?"

Mzee alimwangalia kitambo. Bi Mwiko alikuwa amelowa jasho, kilemba kimemkaa upande. "Haya," mzee alisema, akainywa yote, akafuta bakuli kwa mkate, akarudisha meno mdomoni na kuondoka taratibu kuelekea mlimani.

Kufika saa tisa watu walikuwa wakitapika kwenye maua, kwenye ngazi, majini. Ishirini na mmoja walipelekwa zahanati. Hakuna aliyemkumbuka mzee. Binti yake, aliyeishi ng'ambo ya mlima, alimkuta Jumatatu asubuhi sakafuni, midomo imekauka kama gome. Mchana akakata roho. Wale wengine walipona wote.

Kabla mzee hajazikwa, meneja alishasema mbele ya kadamnasi: "Ni mvinyo wa yule mzee. Mizabibu yenye ugonjwa itatoa nini?" Kreti zilizobaki zikamwagwa mtaroni. Mazikoni hawakufika watu ishirini, na waliofika walinong'ona kwamba marehemu alijiua kwa mkono wake.

Usiku huo dada wawili walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda cha mama.

"Nyamaza," mdogo alisema. "Wameshaamua ni mvinyo. Mzee hatafufuka. Na huyu tutamlisha nini?"

Jumatano bwana afya alipokuja kukagua, Bi Mwiko alimsogelea. "Ni supu yangu. Ililala stoo. Mimi sisikii harufu."

Bwana afya alidhani anamtetea marehemu. Akamwambia afumbe macho, akatafuta kitu kwenye rafu, akakishika chini ya pua yake. "Hii nini?"

Bi Mwiko alivuta pumzi kwa nguvu zote. "Maji?"

Yalikuwa mafuta ya taa. Meneja alikuwa mlangoni. Mdogo wake alivua aproni, akaikunja vizuri, akatoka nje.

"Lakini niliichemsha," Bi Mwiko alisema.

"Kuna sumu haifi kwa moto, mama," bwana afya alijibu, akaandika.

Bi Mwiko alimwaga unga siku hiyohiyo, na mdogo wake pia, kwa kuwa alijua akaficha. Polisi walimwita dada mtu mara tatu, kisha wakaacha kumwita. Habari za jokofu alizieleza kila mara. Hazikuonekana popote katika karatasi. Nyumba ilifungwa mwezi mmoja, ikafunguliwa ikiwa na mpishi mwingine.

Bi Mwiko alipanda mlimani kumwona binti wa marehemu. Hakutaka asikie kwa watu. Binti alimsikiliza akiwa amesimama, mkasi wa kukatia mizabibu mkononi.

"Aliinywa yote?"

"Yote. Aliniuliza, nikamwambia limau."

"Baba alikuwa anajua pipa limeharibika akiwa bado nje ya mlango," binti alisema. "Alijua. Aliona haya kukuaibisha."

Bi Mwiko alipiga magoti kwenye udongo. Binti hakumwinua wala hakumfukuza. Alirudi kwenye mizabibu, akaendelea kukata, na baada ya muda Bi Mwiko akajizoa mwenyewe akashuka.

Mwaka huo zabibu zile zilivunwa, lakini hakuna aliyeagiza mvinyo. Watu walikuwa wameshasikia maneno ya kwanza, na ya pili hayakwenda mbali.

Siku hizi Bi Mwiko hufua mashuka ya zahanati. Mdogo wake amehamia kwingine, huja Alhamisi kumwogesha mama. Wawili hao humgeuza pamoja, mmoja kila upande.

"Umemshika?"

"Nimemshika."

"Haya, mlete kwangu."

Wakimaliza, mdogo huchukua mkoba wake na kuondoka.