Taa ya Chini

Mwezi uliopita nahodha wangu aliniuliza swali la neno moja, nami badala ya kumjibu nikaomba ruhusa ya siku nne na kupanda basi la kwenda Same. Swali lenyewe lilikuwa, "Ulijuaje?" Nahodha mpaka leo hajapata jibu. Wewe ni mtu wangu wa siku nyingi, utalipata.

Kama hujasikia, siku hizi niko baharini, kwenye boti ya matanga inayozungusha wageni visiwani. Najua utacheka. Mpare na bahari wapi na wapi. Wenzangu kazini, kwa vile Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, hunitania kwamba nimeteremka pwani kufuatilia rufaa ya shamba. Lakini zamu za usiku naziweza, na nahodha analijua hilo. Tukiingia bandarini gizani yeye hushika usukani, mimi hukaa kwenye vyombo: dira, GPS na kipima kina.

Usiku huo tulikuwa tunaingia bandari moja ndogo ambayo sitaitaja. Ina taa mbili za kuongoza, moja chini karibu na maji, nyingine nyuma yake, juu kilimani. Ukizitazama kutoka baharini ukaona ya juu imekaa sawasawa juu ya ile ya chini, ujue uko katikati ya maji marefu. Zikiachana, umetoka njiani, na pembeni ni miamba. Nahodha alikuwa amezipanga vizuri kabisa, mstari mmoja. Mimi nilikuwa nasoma kina kwa sauti: mita kumi na mbili, tisa, saba. GPS nayo ilituonyesha tuko kando ya njia, ila karibu na nchi kavu nahodha huamini macho yake kuliko kioo. Kina kilipofika mita tano nikasema, "Nahodha, geuza. Taa ya chini wameihamisha." Aligeuza. Tukatia nanga nje mpaka asubuhi, na kulipokucha tukaona wenyewe. Mafundi waliokuwa wanakarabati gati walikuwa wameifungua ile taa na kuifunga kwenye nguzo nyingine pembeni, ili iendelee kuwaka wakati wao wanafanya kazi. Walidhani wamefanya jambo jema. Hapo ndipo nahodha aliponiuliza nilijuaje, nami nikajifanya nakunja tanga.

Nilijua kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuihamisha.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, mlimani, juu ya kijiji cha Kisiwani, wilaya ya Same. Wazazi walikuwa Dar es Salaam wakitafuta maisha. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na shangazi, mdogo wake baba, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa na hakuwa na haraka hiyo. Shangazi ndiye aliyekuwa akitulisha. Siku ya gulio alitoka majogoo wakiwika, mzigo wa tangawizi kichwani, akateremka mpaka Kisiwani. Gulio lile huchangamka jioni jua likishapoa, kwa hiyo alirudi usiku, na mchele, chumvi, dagaa na chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi. Kanga yake ilinukia tangawizi hata baada ya kufuliwa. Alikuwa na miguu myepesi na mdomo mwepesi vilevile, akiingia uani alianza kusimulia kabla hajatua mzigo, nani kagombana na nani, nani kauziwa mbuzi mgonjwa. Mimi na bibi tulikuwa tumeshapika makande tangu mchana, na hatukuyagusa mpaka afike.

Njia ya kupanda kutoka Kisiwani ilikuwa nzuri mpaka chini ya nyumba yetu. Hapo ulikutana na mwamba mtupu ulioinama, mpana kama kiwanja cha mpira, na juu ya mwamba nyayo haziachi alama. Mchana ulipita bila kufikiri. Usiku, hasa ukungu ukishuka kutoka msituni, ilikuwa habari nyingine, kwa sababu upande wa kushoto mwamba uliishia kwenye korongo. Tochi ilikusaidia kuona miguu yako tu, na jiwe la hapa na jiwe la pale yanafanana.

Ndiyo maana siku za gulio bibi alitundika chemli mbili. Moja ilikaa kwenye upenu wa jiko, na nyingine hatua thelathini chini yake, kwenye nguzo ya pembe ya zizi la mbuzi. Kwa anayepanda, taa ya juu ikikaa juu ya taa ya chini, yuko kwenye mstari salama. Bibi alisema taa zimebebana. "Zikibebana, njoo," alikuwa akisema. "Zikiachana, simama kwanza. Taa ya chini ikikimbilia kulia, ifuate kulia. Ikikimbilia kushoto, ifuate kushoto. Ya chini ndiyo inayokwambia." Miaka mingi baadaye, kwenye chuo cha ubaharia, mwalimu alitufundisha kanuni hiyohiyo kwa mchoro na rula, na darasa zima likaandika isipokuwa mimi.

Bibi alikuwa bahili, sikufichi. Mafuta ya taa aliyapima kwa kutumbukiza kidole, na kusoma usiku aliita kula mafuta. Lakini siku ya gulio chemli zote mbili zilijazwa mpaka shingoni. Tangu nilipoingia darasa la tatu, ile ya chini ilikuwa kazi yangu. Nilifuta kioo kwa gazeti, nikakata utambi ukawa sawa, nikaiwasha jua likizama na kuitundika kwenye msumari wake. Niliipenda kazi hiyo kuliko kuchota maji au kuchanja kuni, maana ndiyo pekee ambayo mtu mzima aliitegemea.

Kulikuwa na mbuzi mmoja mweusi mwenye baka usoni. Bibi aliniahidi kwamba akizaa, mtoto wa kwanza atakuwa wangu. Alianza uchungu siku ya gulio, baada ya magharibi. Bibi alikuwa jikoni na moshi wake, mimi zizini. Mbuzi alikwenda kulala kona ya mbali, upande wa korongo, na kule mwanga haukufika. Nilimsikia akilia lakini sikuona kitu. Nikaitoa chemli kwenye msumari, nikaipeleka hatua kumi hivi, nikaitundika kwenye mti wa uzio karibu naye. Nilijiambia ni kwa muda mfupi. Taa ilikuwa bado inawaka, nikaona sijakosea sana.

Leo naweza kukupigia hesabu. Hatua kumi pale zizini zilikuwa hatua hamsini kule chini mwambani. Taa iliyozimika ingemfanya shangazi asimame na kuita. Taa iliyohamishwa ilimfanya atembee.

Mtoto wa kwanza alishatoka, mama yake anamlamba, niliposikia sauti ya shangazi. Aliita mara moja tu, jina la bibi, kisha mawe yakaporomoka. Na hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo, kuliko hata pale kwenye kuhamisha. Sikukimbilia mwambani. Sikukimbilia jikoni. Nilikimbia na chemli mpaka kwenye nguzo, nikaitundika kwenye msumari wake, ndipo nikamwita bibi.

Jirani yetu na wanawe walimtoa korongoni. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Walitengeneza machela ya miti na blanketi, wakamteremsha usiku uleule mpaka Kisiwani, na alfajiri akapata gari la kwenda hospitali Same. Alikaa huko wiki nyingi. Alirudi na hogo jeupe la plasta mpaka pajani, na lilipotolewa mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Kabla hajabebwa alikuwa anasema neno moja: "Zilibebana. Niliziona zimebebana." Akalirudia hospitalini kwa kila aliyekwenda kumjulia hali. Unawajua watu wa kwetu, jambo halikubaliki mpaka lipimwe. Usiku uliofuata jirani aliteremka chini ya mwamba, bibi akawasha taa zote mbili, jirani akapanda mstari wake mpaka uani akiwa mzima. Ikaamuliwa kwamba shangazi alikuwa amechoka. Mwingine akasema labda aliiona nyota akadhani ni taa. Shangazi alibisha mwezi mzima, kisha akaacha kubisha. Alianza kusema kwa utani kwamba macho yake ya usiku yana wazimu, halafu utani ukawa si utani. Giza likiingia hakutoka nje peke yake, hata kwenda chooni. Kwa miaka yote niliyobaki pale, aliyemsindikiza chooni ni mimi, ameshika bega langu.

Biashara ya gulio ikaishia hapo. Alinunuliwa cherehani ya mkono akawa anashona sare za shule. Sijui kama bibi alijua. Ninachojua ni kwamba tangu usiku ule taa ya chini aliiwasha yeye mwenyewe, na hakuniambia kwa nini. Yule mtoto wa mbuzi alinipa kama alivyoahidi. Bibi alifariki nikiwa chuoni, na kama alikuwa na neno la kuniambia, alikwenda nalo.

Sasa basi, nilishuka Same mchana, nikanunua sukari na mchele, nikapanda gari mpaka Kisiwani na bodaboda mpaka mlangoni. Kuna barabara siku hizi, imezunguka ule mwamba kwa nyuma. Kijana wa bodaboda hajui kama kulikuwa na njia nyingine. Zizi halipo, nguzo haipo, jiko la bibi limebomolewa na mahali pake kuna tangi la maji. Chemli moja niliikuta stoo, haina kioo. Umeme umefika, giza likiingia mlima mzima unawaka, na ukisimama Kisiwani huwezi kusema taa ipi ni ya nani. Sitakudanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Kungekuwa na bodaboda wakati ule, shangazi angekuwa na miguu miwili iliyo sawa. Ila zamani kulikuwa na taa mbili gizani zilizowashwa kwa ajili ya mtu mmoja, na yeye alijua.

Shangazi ana mvi kichwa kizima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama mizigo kwanza kabla ya uso, kama zamani. Tulikula makande barazani. Nikamsimulia habari ya bandari, taa na kina, akasikiliza akifurahi kwamba nimemfundisha nahodha kazi. Halafu nikamsimulia ya mbuzi. Sikuipamba. Nilianza na msumari nikamalizia na msumari.

Aliacha kutafuna. Akaweka bakuli chini.

"Kwa hiyo zilibebana," akasema.

"Zilibebana, shangazi."

"Niliona sawa."

"Uliona sawa. Nisamehe."

"Mguu ningekusamehe siku ileile," akasema. "Ulikuwa mtoto, na mtoto na mbuzi wake ndivyo walivyo. Lakini wewe umesoma, umekuwa mtu mzima, umekuja hapa Krismasi ngapi, unanishika mkono unanipeleka chooni, na unajua. Miaka yote hii nimejiona sina macho."

Nilikuwa nalia na nikaona aibu kulia mbele yake, kwa sababu aliyestahili kulia alikuwa yeye. Yeye hakulia. Alitazama kule chini, kwenye taa za Kisiwani na nyingine za mbali zaidi tambarare, akizipitia moja moja kama anayehesabu mishono.

"Yule mbuzi alizaa wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Mh," akasema.

Kisha akaivuta fimbo yake, akainuka. Taa ya baraza haikufika zizini pa zamani, na huko ndiko alikoelekea. Nami nikainuka, nikampa bega langu kama nilivyozoea.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa. Nilisikia fimbo ikigonga udongo, kisha ikigonga mwamba, ikasimama. Alisimama kule gizani peke yake muda mrefu, na mimi sikumwita.